Papa wa Bi Rukia

Wiki iliyopita mlango wa lifti ya jengo letu hapa International City, Dubai, ulifunguka, nikakutana na harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu utoto. Ndani alikuwemo mwanamke mmoja tu, jirani wa ghorofa ya juu, kwao Malindi, anafanya kazi saluni. Alikuwa amekumbatia mfuko wa plastiki uliofungwa ndani ya mfuko mwingine. Aliponiona nimesimama siingii, akaona haya.

"Sorry sana dada," akasema. "Ni papa hii, cousin yangu ameniletea jana. Najua inanuka."

"Hainuki," nikamwambia. Uongo mtupu, kwa sababu lifti nzima ilikuwa papa. Nikaingia, tukapanda, yeye akidhani nimechukizwa na mimi nikijikaza nisilie mbele ya mtu ambaye hata jina lake silijui. Nilishuka ghorofa ya tatu nikaenda moja kwa moja jikoni, nikashika sinki. Kuna jambo nililifanya nikiwa na miaka kumi ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Nalisema hapa kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Satwa mnazijua nyumba zile: ua mdogo wa saruji, vyumba vitatu vimeuzunguka, AC ya dirishani inadondosha maji kwenye ndoo mchana kutwa. Baba alikuwa dereva wa lori, anatoka kabla hatujaamka. Mama alikuwa msaidizi katika shule ya watoto wadogo. Nikirudi shuleni namkuta Bibi, mama yake Baba, ambaye alikuja kutoka Unguja kabla sijazaliwa na akaishi Dubai miaka yote ile kana kwamba soko la Darajani liko nyuma ya ukuta wa jirani. Hakujifunza Kiingereza, na Kiarabu chake kilikuwa cha Msahafu na cha kugombana na mwenye duka la mboga.

Shoga yake alikuwa Bi Rukia, mtu wa Mombasa, mshonaji, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mwanamke mnene, futi ya kupimia imemning'inia shingoni hata akija kula. Kila miezi michache alikwenda kwao, na akirudi, hata kabla hajafungua masanduku yake mengine, anakuja kwetu na mzigo wa Bibi: papa mkavu, amefungwa kwenye gazeti, juu yake plastiki, juu yake kanga kuukuu.

"Askari wa uwanja wa ndege kaniuliza, hii nini?" alisimulia mara moja, akikaa kitako juu ya mkeka. "Nikamwambia, nusa mwenyewe. Aka! Kanipungia mkono nipite upesi!"

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu wakaanza utani wao uleule. Bibi anasema watu wa Mombasa hawajui papa, wanamchoma tu kama mahindi. Bi Rukia anamjibu kwamba watu wa Unguja wanamlaza kwenye nazi mpaka anasahau kama aliwahi kuwa samaki.

Bibi alimroweka tangu asubuhi, akamwaga maji, akamroweka tena. Akamchambua miiba, akamtia kwenye tui zito na bilingani, ndimu na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, pembeni muhogo wa kuchemsha. Akimaliza anafukiza udi nyumba nzima ili kuua harufu, na harufu haifi, inakuwa mbili. Zote mbili zililala kwenye sare yangu ya shule. Darasani wasichana wawili waliokaa nyuma yangu walikuwa wakivuta pua, wakiangaliana, wakisogeza viti. Hawakunitukana hata siku moja. Nilianza kukaa karibu na dirisha, na nilianza kumchukia papa kwa moyo wangu wote, na nikimchukia papa nilimchukia kidogo na Bibi. Mnisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kitu kimoja tu kilinipa cheo pale nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma. Karatasi ya dawa, barua ya shule, maandishi ya nyuma ya pakiti ya unga, yote yaliletwa kwangu. Bibi na Bi Rukia walikaa wakanisikiliza kama wanavyosikiliza taarifa ya habari. Bi Rukia akinipata mlangoni alikuwa haniiti jina. "Mwalimu yupo?" anauliza. "Mwalimu, hebu nisomee hii." Sijawahi kujiona mkubwa tena kama nilivyojiona miaka ile.

Kisha Bibi akaanza kuacha chakula. Matonge matatu, manne, anaweka mkono juu ya tumbo na kusema ameshiba. Kanga iliyokuwa ikimzunguka mara moja na nusu ikawa inamzunguka mara mbili. Baba alimpeleka hospitali siku kadhaa, na jioni moja nikasikia wazazi wangu wakizungumza kwa sauti ya chini jikoni, wanasema "ule ugonjwa," hawautaji. Nilijua wanachokisema. Ilikuwa saratani ya tumbo.

Siku ninayoisimulia, Bibi alikuwa na miadi na daktari wa chakula, kama alivyomwita. Baba alikuwa safarini na lori, Mama hakupewa ruhusa, na muuguzi wa Kisudani ambaye kawaida alimsaidia Bibi kwa Kiarabu chepesi hakuwepo. "Twende na mwalimu," Bibi akasema. Tukapanda teksi. Nilivaa viatu vyangu vya Idi.

Ukutani mwa chumba kile palikuwa na picha kubwa ya vyakula. Upande mmoja ulipakwa rangi ya kijani: mboga za majani, machungwa, maharage, mkate wa ngano isiyokobolewa. Upande wa pili ulikuwa mwekundu: soseji, nyama za makopo, vitu vilivyoungua kwenye moto, chupa za pombe, na kwenye kona ya chini, samaki mkavu aliyetapakaa chumvi. Hakuwa papa hasa, ila mimi nilimwona papa. Kwa akili yangu ya miaka kumi, nyekundu ilikuwa ileile ya taa za barabarani na ya chupa ya dawa ya mende, yaani ukivuka unakufa. Nilisikia kitu kama furaha. Nilikuwa na kesi na papa siku nyingi, na sasa ukuta wa hospitali ulikuwa upande wangu.

Daktari alikuwa mama wa makamo, Mhindi, mpole, Kiingereza chake cha polepole. Aliuliza Bibi anakula nini, nikamwambia. Kisha Bibi akanishika mkono.

"Muulize," akasema, "muulize mimi nimeyapata wapi haya. Nini kimeniletea."

Nikauliza. Daktari akaegemea meza akazungumza kwa kirefu, akinitazama mimi ili nipate kufuata. Ningependa kuwaambia kwamba sikuelewa. Ningekuwa na pa kujificha. Nilielewa karibu kila kitu, na mpaka leo nayakumbuka kwa mpangilio wake. Alisema samaki na nyama za kukaushwa kwa chumvi, zikiliwa kwa wingi, miaka mingi, zinaweza kuongeza hatari ya saratani ya tumbo, na kwamba mboga na matunda husaidia kuipunguza. Alisema lakini kuongeza hatari si kusema kwamba ndicho kilichomletea bibi yako. Wako wanaokula hivyo maisha yao yote wasiugue, na wako wanaougua bila kula, na kuna vijidudu vya tumboni, na umri, na mambo ya ukoo, na kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kujua. Halafu akamtazama Bibi, akasema sasa hivi kubwa ni ale. Kidogo kidogo, mara nyingi. Akitamani kitu, mpeni, hata huyo samaki wake, kipande kimoja hakitamdhuru. Ale kile kitakachompita kooni.

"Amesema nini?" Bibi akauliza.

"Amesema ni papa," nikasema. "Papa ndiye aliyekuletea. Usile tena hata kidogo. Ule mboga."

Bibi akamtazama daktari, akanitazama mimi. "Maneno yote yale, ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo."

Daktari alitabasamu na kuitikia kwa kichwa, akidhani nimemaliza kazi yake vizuri. Tukapanda teksi kurudi. Karibu na nyumbani Bibi akasema, kama anayezungumza na kioo cha gari, kwamba mama yake alikula papa mpaka akawa mkongwe haoni.

Jioni niliwapa wazazi wangu tafsiri ileile. Baba alikuwa ametoka njia ndefu, vumbi mpaka kwenye kope, na daktari akisema usile, nani anauliza mara ya pili? Mama alimtoa papa aliyebaki kabatini akamtupa kwenye pipa la nje, akasugua kabati kwa sabuni na siki. Nyumba ikanuka siki, halafu haikunuka kitu. Shuleni wasichana wale wawili wakaacha kuvuta pua. Na mimi niliamini, naapa, nusu yangu iliamini kabisa kwamba nimemwokoa Bibi. Nusu nyingine ilikuwa ikifurahia sare safi.

Siku chache baadaye Bi Rukia akarudi kutoka Mombasa. Bibi alikuwa amelala chumbani. Nilifungua mlango wa ua nikamkuta amesimama juani, jasho linamtoka, mzigo wake kwapani.

"Mwalimu! Bibi yako yuko? Mwambie safari hii nimemletea wa kiunoni, mnono, nimegombana na watu sokoni kwa ajili yake."

"Hali papa tena," nikasema.

"Hali kwa nini?"

"Daktari amesema papa ndiye aliyempa ugonjwa." Alikuwa bado anatabasamu, hajafahamu, na mimi sikuweza kuiacha hapo. Nilitaka afahamu. "Huyu unayemletea wewe. Wewe ndiye uliyempa."

Bi Rukia alitazama mzigo, kisha akanitazama.

"Umesoma wapi hayo?"

"Ukutani hospitali. Kuna picha yake. Na daktari mwenyewe kaniambia."

Sikuwahi kuona mtu mzima akikosa la kufanya na mikono yake. Aliuhamisha mzigo kwapa hili, akauhamisha lile. Angenipiga kofi, mambo yangekuwa mengine. Bibi angeamka, wangegombana, wangecheka, na ukweli ungepata mwanya. Lakini mwalimu alikuwa amesoma, na Bi Rukia tangu nimjue hakuwahi kupinga nilichomsomea. "Astaghfirullah," akasema polepole. Akageuka akaenda zake, na nikamwona akipita pipa letu, akipita la jirani, akienda mpaka pipa la mwisho kabisa la mtaa ndiyo akautumbukiza.

Hakuacha kuja. Alikuja kila siku, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alikuja mikono mitupu, yeye ambaye hakujua kuingia nyumba ya mtu bila kitu, akakaa karibu na mlango badala ya mkekani. Hakula kwetu tena wala hakumlisha Bibi. Mama akimpa bakuli la uji amnyweshe Bibi, alisema mikono yake ina chaki ya kushonea. Utani wa Mombasa na Unguja ulikwisha. Bibi alijaribu kuuanza, na Bi Rukia alicheka kwa mdomo tu.

Bibi tulimpikia mchicha, dengu, tukamkamulia machungwa. Vitu vizuri, navipika mpaka leo. Yeye havikumpita kooni. Dawa zilikuwa zimemharibu ulimi, akasema kila kitu kina ladha ya msumari. Siku moja akamwambia Bi Rukia, "Rukia, sikuombi wali wala nyama. Kijipande tu cha papa, nikilambe, nijue bado nina ulimi."

"Hakuna, dada," Bi Rukia akasema. "Msimu huu hakuna."

"Mombasa nzima?"

"Mombasa nzima."

Mimi nilikuwa pale, nafanya hesabu zangu za shule sakafuni. Sentensi ya daktari ilinijia kichwani kwa Kiingereza chake, maneno yote, kipande kimoja hakitamdhuru. Ningeweza kuisema hapo hapo. Lakini kuisema kulikuwa na maana ya kukiri kwamba niliiruka, na kwamba mwalimu ni mwongo, na papa angerudi ndani. Nikaendelea na hesabu. Bibi aliomba tena mara nyingine, na mara nyingine tena. Nilikuwepo kila mara, na kila mara penseli yangu iliendelea kuandika.

Alifariki mchana mmoja nikiwa shuleni. Niliporudi ua ulikuwa umejaa viatu vya watu. Bi Rukia alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Alinikumbatia, akanibana kwenye kifua chake, na futi yake ya kupimia ikaniachia alama shavuni.

Baadaye tulihamia Al Qusais, nikasoma, nikaolewa, nikajifungua. Bi Rukia nilikuwa nikimwona kwenye harusi za watu wa pwani. Namwamkia shikamoo, namwuliza hali, nageuka upesi kama nimeitwa. Sisemi chakula hakina neno. Nyumbani kwangu chumvi ni kidogo, soseji haziingii, watoto wananung'unika kwa sababu ya mboga, na nikifika umri wa kupimwa napimwa. Picha ile ya ukutani haikusema uongo. Aliyesema uongo ni mimi, niliyeichukua hatari nikaifanya hukumu, kisha nikampa mtu aibebe.

Siku ya pili baada ya lifti nilikwenda Satwa. Bi Rukia anakaa na bintiye juu ya duka la mafundi cherehani, macho yamefifia lakini sauti ni ileile. Binti alinifungulia, akamwambia nani amekuja.

"Mwalimu!" akaita kutoka ndani. "Pita, mwalimu. Leo umenikumbuka."

Nilimbusu mkono nikakaa sakafuni miguuni pake. Binti alileta chai na mandazi akarudi jikoni. Nilimwambia habari ya jirani wa lifti, nikidhani nitaanza kwa mzaha. Hakucheka.

"Mimi papa simtii mdomoni," akasema. "Tangu mwaka ule. Wala sijampelekea mtu. Mwanangu aliwahi kuniletea, nikamtupa."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima ndani ya basi. Yote yalinipotea. Nikamwambia kwamba daktari hakusema vile. Nikamwambia kwamba nilielewa, na maneno mengine niliyaruka.

Cherehani za chini zilikuwa zinakwenda, tunazisikia miguuni.

"Basi nisomee," akasema. "Alisema nini? Chote."

Nikamsomea. Nilimfasiria sentensi baada ya sentensi, polepole, kama nilivyopaswa kufanya siku ile mbele ya Bibi: kwamba chumvi nyingi kwa miaka mingi inaongeza hatari, kwamba mboga zinaipunguza, kwamba kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kujua ni nini kilichomletea. Hapo nilimwona akifumba macho, nikadhani yamekwisha, nimemtua mzigo. Lakini alikuwa ameniomba chote, na mimi nilikuwa bado na sentensi moja. Nikamwambia kwamba daktari alisema sasa kubwa ni ale, na akitamani samaki wake apewe, kipande kimoja hakitamdhuru.

Akafumbua macho.

"Apewe?"

"Ndiyo, Bi Rukia."

"Na mimi nilikuwa na papa ndani," akasema. "Ule mzigo wa mwisho sikuutupa wote. Kipande kimoja kilikuwa kimebaki sandukuni, nikakificha kabatini, nikasema labda daktari atabadili maneno. Akaniomba mara tatu. Mara tatu, nami ninacho."

Nililia, nikamwomba radhi, nikamshika miguu. Hakunisukuma wala hakuniinua. Alinipapasa kichwa kidogo kama mtu anayefikiri jambo lingine, kisha akamwita bintiye aje aondoe vikombe, chai imepoa.

"Haya," akaniambia, na akanitaja kwa jina langu, lile nililopewa na Bibi, ambalo sikumbuki kama yeye aliwahi kuniita hata mara moja. "Nenda, jua litazama, una watoto." Nimempigia simu mara mbili tangu siku hiyo. Anaitikia vizuri, ananiombea dua, anawaulizia watoto. Mwalimu haniiti tena.